Levo 900 na kiwango 1580, nani mkali? Gemu za chemsha bongo za mkononi na namba zake

Wiki iliyopita kwenye kafe moja hapa Same, karibu na stendi, ulizuka ubishi ambao nusura watu wanuniane. Dogo mmoja wa Kisiwani alisema yeye ndiye mkali wa gemu za chemsha bongo kuliko wote mle ndani, kwa sababu yuko levo ya 900 na ushee kwenye Candy Crush. Jamaa mwingine akamwambia hizo ni peremende tu, yeye ana 1580 kwenye chesi ya simu. Dogo akauliza: "Sasa 900 na 1580 wapi na wapi? Si hata mimi nikikomaa nitafika 1580?" Watu wakacheka sana.

Mimi nilikuwa upande wa jamaa wa chesi. Tatizo ni kwamba nilipotakiwa kueleza kwa nini, nikaanza kubabaika. Nikarudi home, nikachimba, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeyaweka yote sehemu moja ili siku nyingine ubishi ukianza mtu afungue hapa asome.

LEVO SI KIWANGO

Levo ni hesabu ya umbali uliotembea, basi. Candy Crush Saga ilianza Facebook mwezi Aprili 2012, ikaingia kwenye simu Novemba mwaka huo huo. Unapewa maisha 5, ukishindwa unapoteza moja, na moja linarudi kila baada ya nusu saa. Ukishindwa levo ya 900 mara hamsini bado uko 900, hairudi 899. Kwa hiyo mwenye 900 anaweza kuwa kichwa kweli, au ana muda mwingi, au ana hela ya kununua zile nyundo na mabomu ya kurahisisha kazi. Ukiiangalia namba peke yake huwezi kujua ni lipi kati ya hayo.

Na usidhani ni kwa sababu unacheza peke yako. Chukua Tetris 99, iliyotoka Februari 2019 kwenye Nintendo Switch. Pale unapambana mtandaoni na watu 98 kwa mpigo, mnatupiana takataka, anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Hiyo ni vita hasa. Lakini namba unayopandisha ni levo vilevile: unapata pointi za uzoefu hata kama umetolewa ukiwa wa sabini. Cheza sana, itapanda.

Kiwango ni kitu kingine. Kiwango KINASHUKA. Hapo ndipo jamaa wa chesi alikuwa na haki, ila hakujua kulisema, na mimi pia sikujua.

HESABU YENYEWE

Aliyeiweka sawa anaitwa Arpad Elo. Alizaliwa Hungaria mwaka 1903, familia ikahamia Marekani, akawa mwalimu wa fizikia kwenye chuo kikuu cha Marquette, Milwaukee, na mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri wa chesi. Chama cha chesi cha Marekani kiliichukua hesabu yake mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaichukua mwaka 1970. Gemu nyingi sana za mtandaoni zimeazima wazo lake, nyingine zimelifanyia marekebisho.

Wazo ni hili. Kabla hamjaanza, hesabu inakisia. Mkiwa na namba sawa, inategemea mgawane nusu kwa nusu. Ukimzidi mwenzako pointi 200, inategemea katika kila mechi 100 uvune kama 76 (kushinda ni moja, sare ni nusu). Ukimzidi 400, kama 91. Mechi ikiisha, inalinganisha kilichotokea na ilichokisia, halafu inahamisha pointi.

Tuweke mfano. Wewe una 1700, mimi nina 1500, na tunatumia kipimo cha 20, ambacho FIDE wanakitumia kwa wachezaji waliokwisha kuzoeleka walio chini ya 2400. Ukinifunga unapata pointi 5 tu, maana ilitegemewa. Nikikufunga mimi, unapoteza 15 na zinakuja kwangu zote. Ukinizidi 400 ndiyo kabisa: kunifunga kunakupa 2, kufungwa kunakutoa 18. Ndiyo maana ukiona mkubwa anakwepa kucheza na wadogo mtandaoni, si dharau kila mara, mwingine anapiga hesabu.

Kwa hiyo dogo wa Kisiwani hawezi "kukomaa" tu akafika 1580. Akicheza mechi elfu moja kwa uwezo uleule atazunguka palepale. Lazima awe bora kuliko alivyokuwa jana.

Kuna marekebisho moja muhimu. Mwaka 1995 Mark Glickman, mtaalamu wa takwimu wa Marekani, alitoa mfumo anaouita Glicko. Alisema namba moja haitoshi, inatakiwa na ya pili inayosema tuna uhakika kiasi gani. Mtu aliyecheza mechi 5 na aliyecheza 500 wote wanaweza kuwa na 1600, ila wa kwanza hatujamjua bado. Mgeni anaruka juu na chini kwa hatua ndefu, mwenyeji anatembea taratibu. Lichess, ambayo ni ya bure na haina matangazo, inatumia toleo la pili la mfumo huo. Unaanza na 1500 yenye alama ya kuuliza pembeni, na alama ile haitoki mpaka mfumo ukujue.

Na kwa sisi wapenzi wa mafumbo, hapa kuna kitu kimenifurahisha sana. Lichess ina mafumbo ya chesi (tafuta hatua ya kushinda), na kila fumbo lina kiwango chake kama mtu. Ukilipatia, wewe unapanda na fumbo linashuka. Ukikosea, fumbo linapanda! Yaani umecheza mechi na fumbo. Kumbe hata gemu ya peke yako inaweza kuwa na kiwango cha haki, mradi kila levo ihesabiwe kama mpinzani. Candy Crush ingefanya hivyo sijui dogo angekuwa na ngapi.

MFALME WA HEDARU NA MFALME WA GONJA

Sasa tusiishabikie sana namba. Fikiria drafti ya vizibo vya soda pale stendi. Sheria ya kijiweni mnaijua: anayefungwa anapisha, anayeshinda anabaki. Huo nao ni mfumo wa viwango. Una ubaya wake, kwa sababu unapima jioni moja tu, na anayebaki muda mrefu anachoka. Lakini una uzuri ambao mtandao hauna: aliyeko kwenye benchi hachagui mpinzani. Anayefuata kwenye foleni anakaa, awe mtoto wa sekondari au dereva wa lori.

Tuseme Hedaru wana mfalme wao wa drafti na Gonja wana wao. Milima ya Upare iko katikati. Hedaru ni upande wa barabara kuu, Gonja ni upande wa pili, unazungukia Kisiwani. Wale wafalme hawajawahi kukutana, wala waliofungwa na mmoja hawajawahi kucheza na waliofungwa na mwingine. Nani mkali? Hakuna hesabu ya Elo wala ya Glickman inayoweza kukujibu. Lazima apatikane angalau mtu mmoja wa kupanda basi, acheze pande zote mbili. Wakipatikana kumi ndiyo picha inaanza kueleweka.

Kiwango kinapima kundi lako, hakipimi dunia. Ndiyo maana 1600 ya Lichess si 1600 ya FIDE wala si 1600 ya Chess.com. Makundi ni tofauti, na mahali pa kuanzia ni tofauti. Mkibishana kafeni mlinganishe namba za sehemu moja, na za aina moja ya saa, maana mechi ya dakika 3 na ya dakika 10 zina viwango tofauti.

KUTOKA BETRI MPAKA MTANDAO

Upande wa vifaa vyenyewe nitapita haraka mwanzoni.

Kaka zetu walikuwa na ile Brick Game ya Kichina, ya betri, yenye matofali yanayoshuka. Haikuwa na namna ya kuunganisha watu wawili. Mnapokezana, na rekodi ni ushahidi wa macho. Ukitoa betri, rekodi kwaheri! Ndugu yake mkubwa, Game Boy ya mwaka 1989, ilikuja na Tetris na kulikuwa na kebo ya kuunganisha mashine mbili, kwa hiyo wawili walipambana wakiwa wamekaa bega kwa bega.

Nokia 6110 iliyotoka mwishoni mwa 1997 ilikuwa na Snake, na simu mbili ziliweza kucheza pamoja kwa infraredi, yaani mnazielekezeana kama rimoti. Halafu Nokia 3310 ya mwaka 2000 ikaja na Bantumi. Nina uhakika wengi wenu mlishaicheza kwa simu ya mzee bila kujua kwamba lile ni bao. Bao lililopunguzwa lakini. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 kwa safu nne na kete 64. Bantumi ni safu mbili za mashimo sita na ghala kila upande. Mzee anayejua kunamua na kutakata akiiona anacheka. Na unacheza na simu yenyewe, haina namba inayobaki kukusema. Mancala ya namna hiyo hiyo ilirudi mwaka 2020 kwenye mkusanyiko wa Nintendo Switch wenye michezo 51. Safari hii unaweza kucheza na mtu wa mbali, ila Nintendo wanataka ulipie huduma yao ya mtandao kwa mwezi au kwa mwaka.

PSP nayo ilikuwa na Lumines tangu Desemba 2004. Wawili mlicheza bila waya, lakini lazima muwe chumba kimoja.

Mabadiliko makubwa kwenye vifaa hivi vya mkononi yalikuja na Nintendo DS. Novemba 2005 Nintendo walifungua huduma yao ya mtandao, na Machi 2006 ikatoka Tetris DS Marekani. Hapo mtu ameshika kitu kiganjani, amekaa kitandani, anacheza Tetris na mtu wa Japani, wawili wawili au wanne. Na kila mtu ana kiwango: unaanza na 5000, ukishinda kinapanda, ukifungwa kinashuka. Ukitaka kucheza na rafiki mahsusi mlipeana namba ya tarakimu 12, na namba hiyo ilikuwa ya gemu ile kwenye mashine ile. Ukinunua mashine nyingine mnaanza kuandikiana upya. Usumbufu mtupu. Mwaka 2007 ikafuata Planet Puzzle League, ile unayoishika DS wima kama kitabu na kusogeza vipande kwa kalamu yake, nayo ikiwa na uwanja wa mtandaoni.

Hii Tetris DS nimewahi kuishika. Binamu yangu alitumiwa DS iliyotumika na ndugu aliyekuwa nje, mwaka 2019, na kadi ya Tetris ikiwa ndani. Tulifurahi sana. Sifa moja ya kadi ile ni kwamba watu hadi 10 wanaweza kucheza pamoja chumba kimoja kwa kadi MOJA, wengine wanapakua tu bila waya. Ila wote lazima wawe na DS. Hapa mjini tuliijua DS moja, ya binamu.

Tukasema basi tuipeleke kafeni tuingie mtandaoni. Haikuunga. Baadaye nikajua kulikuwa na kuta mbili. Kwanza, gemu za DS zinajua ule ulinzi wa zamani tu wa Wi-Fi, WEP, na ruta za siku hizi zinatumia WPA, kwa hiyo haziongei. Pili, hata ingeongea, Nintendo walishafunga huduma ile tarehe 20 Mei 2014. Miaka mitano kabla! Viwango vyote vya watu, kuanzia 5000 kwenda juu na kwenda chini, vilibaki bila pa kuchezewa. Mwezi Aprili 2024 wakafunga na huduma ya mtandao ya 3DS, mashine iliyofuata. Kuna mashabiki waliotengeneza seva zao, Wiimmfi ni mojawapo, iliyoanza 2014, na gemu nyingi za DS na Wii zinacheza humo. Lakini hilo ni kundi jipya, na nimeshasema habari ya makundi.

Binamu hakujali. Aliendelea kucheza na mashine mpaka betri ikafa.

UMEME UKIKATIKA

Hili ndilo lililonifanya nikae niandike, ukweli usemwe. Kuna jioni moja nilikaa kafeni nikicheza chesi za dakika 10, zenye kuhesabiwa. Nilianza na 1612. Umeme ukakatika mara tatu jioni ile, na mara zote tatu nilikuwa katikati ya mechi, mbili kati ya hizo nikiwa naongoza vizuri tu. Nikatoka na 1589. Dogo mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Bro umeshuka, mzee umeisha." Sijaisha. Umeme ndio uliisha!

Lakini jiweke upande wa pili. Aliyeko Brazili hajui kama umeme umekatika Same au kama umeona unafungwa ukachomoa waya. Kwake yote mawili yanafanana. Gemu ikisamehe kila anayepotea, basi kila anayefungwa atapotea. Kwa hiyo programu nyingi zinakuhesabia umefungwa, zingine zinakupa dakika chache za kurudi. Kwenye Lichess saa yako inaendelea kukimbia, na usiporudi mpinzani anaruhusiwa kudai ushindi au kukubali sare. Ukirudi mapema unaendelea pale pale.

Maana yake ni kwamba kiwango cha mtu wa huku kimechanganya uwezo wake na uwezo wa laini yake. Wawili wenye akili ileile, mmoja yuko kwenye umeme usiokatika, mwingine anapanda Mamba au Chome ambako simu inashika baa moja ukiegemea mgomba, hawatakuwa na namba moja. Hesabu ya Glicko haina sehemu ya kuandika "huyu bando liliisha".

Kuna dawa, na haitangazwi sana. Inaitwa mchezo wa barua, kwa sababu zamani watu walichezeana chesi kwa kadi za posta. Lichess wanayo, Chess.com pia. Unachagua muda wa siku, kwa mfano siku 3 kwa kila hatua, na Lichess inafika mpaka siku 14. Unaingia, unasogeza, unatoka. Umeme ukikatika hupotezi kitu. Kina kiwango chake peke yake, hakichanganyiki na cha zile za haraka. Kwa mwenye mia tano ya nusu saa kafeni, unaweza kusogeza kwenye mechi kumi zote ndani ya muda huo na ukabakiza dakika za kusoma habari. Ubaya wake ni kwamba ukisafiri kwenda shamba ukasahau siku zako, saa inakuua vilevile.

Na kama hutaki presha ya namba kabisa, Lichess wana mashindano ya mbio za mafumbo, yaliyoanza 2021. Mnaingia kadhaa kwa kiungo kimoja, sekunde 90, anayetatua mengi gari lake linatangulia. Kiwango hakiguswi. Tulijaribu watano kafeni Jumamosi, kila mtu kwenye kompyuta yake, kelele mpaka mwenye kafe akatutishia kututoa. Dogo wa Kisiwani, ambaye alifundishwa farasi anatembeaje asubuhi ileile, alikuwa wa nne. Wa tano simtaji.

Siku hiyohiyo nikamfungulia akaunti, tukaanzisha mechi ya siku 3. Ana 1500 na alama ya kuuliza. Mpaka naandika hii ameshanila askari mmoja, zamu ni yake, na amebakiza saa 19 kusogeza. Kwao juzi hakukuwa na umeme, sijui kama ameshachaji simu.